Pua ya Miji Mitatu

Watu wengine hujulikana kwa sauti, wengine kwa mwendo, na wengine, Mungu atusamehe, kwa umbeya. Mama Nyota wa Kabondo, mtaa wa Kisangani, alijulikana kwa pua. Haikuwa kubwa, wala haikuwa nzuri ya kusimuliwa. Ilikuwa pua fupi ya kawaida, yenye kovu alilolipata utotoni alipoanguka na mtungi. Lakini pua hiyo ndiyo iliyofanya miji mitatu ikae meza moja, na siku ilipokufa, mwenyewe peke yake ndiye aliyejua kwamba imekufa.

Ujuzi ule aliurithi. Watu wake ni wa zile familia za Kiislamu za Kisangani ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara, wakaoa, wakabaki. Mama yake alinunua mafuta ya mawese kwa watu wa mtoni, na hakuwa na tabia ya kuonja. Alifungua bidoni, lile dumu la plastiki, akavuta pumzi, akasema, "Hii ya juzi," au "Humu kuna ya mwaka jana," na muuzaji akainama kuchukua mali yake bila kubishana. Katika nyumba yao hata mtoto mchanga alinuswa. Bibi ndiye aliyepewa mtoto kwanza, akaweka pua utosini, akatangaza harufu ya nani imerudi ulimwenguni. Nyota alipomzaa Khadija, binti yake wa pekee, mama yake alinusa kile kichwa chenye unyevu akacheka: "Mawese mapya! Ya leo asubuhi!" Maneno hayo yalisimuliwa katika kila sikukuu hadi Khadija mwenyewe akayachoka.

Biashara ya mawese iliposhikwa na wenye malori, Nyota alihamia kwenye bidoni zenyewe. Na hapa lazima niseme jambo ambalo mtu wa Kisangani halihitaji kuambiwa: bidoni ya njano haifi. Ikimaliza mawese itabeba petroli. Ikimaliza petroli itabeba lotoko, ile pombe kali ya mahindi na mihogo. Halafu siku moja utaiona juu ya kichwa cha binti anayetoka bombani, imejaa maji ya kunywa, nawe huna la kufanya ila kuomba dua. Macho hayawezi kujua bidoni imepitia wapi. Nyota aliziosha kwa mchanga, majivu na majani ya mpapai, mpaka mikono yake ikawa na harufu hiyo hata siku ya Idi. Khadija alipokuwa mdogo hakuweza kulala bila kuvuta kiganja cha mama yake hadi usoni. Baada ya kuoshwa, bidoni ilifungwa kwa kifuniko chake na kuachwa juani tangu adhuhuri hadi alasiri, kwa sababu joto huita harufu iliyojificha. Kisha Nyota alifungua, akanusa, akatoa hukumu ya neno moja. "Maji" maana yake imepona, ibebe maji ya watu. "Kisu" maana yake ikatwe, iyeyushwe pamoja na mchanga, iwe tofali la kutandika njia.

Kwa miaka mingi hiyo ilikuwa kazi ya uani kwake. Kisha ukaja mwaka wa kipindupindu, na ugonjwa ule ukashuka na mto kama msafiri asiye na haraka: Kisangani, Isangi, Basoko. Watu walipochoka kuzika, wakuu wa miji hiyo mitatu walikutana. Isangi na Basoko ziko huko mto unakoteremkia, na zilikuwa na kinyongo cha siku nyingi, kwa maana chupa na mifuko yote ya Kisangani huishia kwao. Pampu ya Basoko ilikuwa ikizibwa kila wiki na takataka za watu wasiowajua. "Kisangani ikipiga chafya," alisema Papa Hubert, mjumbe wa Basoko, "Basoko njo inapanguza makamasi," maana watu wa mto kwa "ndiyo" husema "njo". Baada ya maneno mengi, walikubaliana. Plastiki ya miji yote mitatu itakusanywa na kupandishwa Kisangani. Iliyoharibika itakuwa matofali ya kujengea vibanda vya mabomba. Bidoni nzima zitaoshwa, zitafungwa kitambaa cha bluu shingoni, na kurudishwa huko kwa mashua, ili maji yanayosafishwa kule yasiharibikie ndani ya chombo kichafu. Waliyaita Mapatano ya Maji.

Papa Hubert hakuwa mtu wa kutia sahihi kwa sababu ya hotuba. Siku ya kufunga mapatano alileta bidoni zake mwenyewe, zimeoshwa, zimeanikwa, zote sawa machoni, akataka huyo mama anayesifiwa azinuse mbele ya watu. Nyota alifunga kitambaa machoni. Maji, maji, mawese ya kuoza, petroli. Kwenye moja alirudisha kichwa nyuma ghafla: "Kisu. Hii ilibeba dawa ya wadudu." Ilikuwa ya dawa ya kuulia wadudu wa kakao, iliyooshwa na kuoshwa tena kwao Basoko. Papa Hubert aliinuka, akakumbatiana na meya wa Kisangani, na akasema maneno ambayo redio ya mtaa iliyarudia wiki nzima: "Bon. Basoko inasaini juu ya pua hii."

Nyota alicheka pamoja na wote. Usiku ule hakulala. Alijiuliza, ni mtu gani mwenye akili anayejenga nyumba ya miji mitatu juu ya pua ya mjane?

Pua ilikufa msimu wa mvua uliofuata. Yalikuwa mafua tu, yenye homa na maumivu ya mifupa, na alipoinuka kitandani aliletewa kahawa akakuta ni maji ya moto. Alidhani wamesahau kahawa yenyewe. Akanusa kitunguu: kimya. Akanusa sabuni, majivu, mafuta ya taa. Kimya. Alijifukiza kwa majani ya mkaratusi hadi macho yakavimba, akatafuna tangawizi, akaswali na kuomba. Dunia ilikuwa imefungwa mlango, naye amebaki nje.

Hakumwambia mtu. Kesho itarudi, alijisemea, na kesho ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Angemwambia nani? Karakana ya kuoshea bidoni ilikuwa imejaa wanawake waliopata kazi kwa sababu ya pua yake. Wa kwanza wao alikuwa Émilie, mama kijana aliyekuja kutoka Maniema na watoto wake, ambaye kazi yake ilikuwa kuvua vifuniko na kufunga vitambaa. Na Papa Lambert, msimamizi wa karakana, kila alipoleta mgeni alisema, "Mashine yetu ni hii hapa," akionyesha uso wa Nyota. Ungekuwa wewe, ungesema?

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kabla ya kuumbuliwa mtu hujitafutia ujanja. Nyota aliwatafuta sisimizi. Alipaka maji ya sukari mdomoni mwa kila bidoni akajifanya anapumzika. Sisimizi wakiingia ndani bila wasiwasi, alikwenda akainama, akavuta pumzi ya bure, akasema "Maji." Wakifika mdomoni wakageuka, alisema "Kisu." Na wale wadudu, wallahi, hawakumwangusha. Bidoni zilishuka Isangi na Basoko wiki baada ya wiki, wala hakuna aliyelalamika. Lakini yeye alikonda. Kila baleinière ilipong'oa nanga, ile mashua ndefu ya mbao iliyobeba bidoni, alisimama ukingoni akiitazama hadi ipotee, kama mtu aliyemkabidhi mgeni mtoto wake.

Siku ya mambo haya ninayoyasimulia, mvua ilikuwa imenyesha tangu juzi yake. Hakukuwa na jua la kuita harufu, na sisimizi walikuwa wamejifungia ndani ya ardhi. Bila jua hata mama yake Nyota asingefungua mdomo. Lakini Papa Lambert alikuja mbio, mwavuli umepinduka.

"Mama Nyota, baleinière iko inaenda sasa hivi. Ba-bidon ya maternité ya Basoko njo wanangojea. Wiki iliyopita hatukupeleka, wananung'unika."

"Jua haiko, Papa Lambert."

"Bon, lakini pua yako inahitaji jua tangu lini? Si ulifanya mbele ya meya na macho imefungwa?"

Wanawake waligeuka kumtazama. Hapo ndipo alipokosea, na nitasema wazi kilichomkosesha: haikuwa woga peke yake, ilikuwa pia sifa. Sifa ni tamu, na yeye alikuwa amekosa utamu wa kahawa, wa mboga ya pondu, wa kila kitu. Aliinama kwenye bidoni ya kwanza. "Maji," akasema. Ya pili, maji. Alipita mstari mzima hivyo, amefumba macho kama siku ya meya, na kila aliposema, Émilie alikitupa kifuniko cha zamani ndani ya beseni, akaweka kipya na kufunga kitambaa cha bluu. Baleinière iliondoka kabla ya adhuhuri.

Jioni Émilie alikuwa akisugua vile vifuniko. Aliinua kimoja.

"Mama Nyota, hii ni ya bidon gani?"

Kilikuwa chekundu, chenye pete ndani, na chini ya pete kulikuwa na unga mweupe ulioganda. Nyota hakuhitaji pua. Vifuniko vya namna ile huja na bidoni za dawa ya kakao tu. Mdomo wa bidoni unalingana na mwingine wowote. Kifuniko ndicho kinachosema. Na bidoni ya kisu hutupwa pamoja na kifuniko chake. Kifuniko kilichomo ndani ya beseni maana yake bidoni yake imepita, imefungwa kitambaa cha bluu, iko mtoni.

"Nipe," alisema Nyota. "Ni ya zamani hiyo."

Alikifunga kwenye pindo la kitenge chake. Alienda nyuma ya rundo la bidoni za kukatwa akaketi chini kwenye tope, akahesabu moyoni mwake mambo aliyoyajua. Bidoni zinaenda kwenye maternité, ile nyumba ya uzazi ya Basoko. Khadija wake ameolewa Basoko. Khadija ana mimba ya miezi tisa, na wiki hii amekwisha kuhamia kwenye nyumba hiyo ya uzazi, kwa sababu kwa mumewe ni mbali na mimba ya kwanza haina adabu.

Alimpigia simu. Simu ilisema kwamba Khadija hapatikani. Akampigia mkwewe, akasikia vivyo hivyo. Tangu mvua ianze, mtandao wa Basoko ulikuwa umeanguka. Basi akaenda ofisini kwa Papa Lambert, akiwa ameyapanga maneno vizuri: pua yangu imekufa, kuna bidoni mbaya. Alifungua mlango. Papa Lambert alikuwa anaongea kwa simu na mtu wa meya, akamkonyeza, akasema, "Njo huyu anaingia, mashine yetu!"

Na kinywa cha Nyota kikasema, "Papa, Khadija yangu ameshikwa na uchungu. Nataka kufika Basoko."

Papa Lambert alikuwa mtu mwema. Kesho yake kanoti ya Mapatano, boti ndogo yenye injini, ilikuwa inapeleka dawa ya kutia kwenye maji. Akampa nafasi, akampa na sabuni kwa ajili ya mtoto. Nyota alipokea sabuni ile kwa mikono miwili, bila kumtazama usoni.

Kanoti ni ya mbio. Kwa hesabu yake angeipita baleinière njiani, maana hiyo husimama kila kijiji kupakia mihogo na mbuzi. Alikaa mbele, mkono juu ya pindo la kitenge, akitazama kila mashua iliyoonekana. Hii siyo. Ile siyo. Mwendesha kanoti alikuwa kijana mcheshi, hakujua kwamba amebeba mtu anayeungua.

"Mama Pua!" aliita walipopita Yangambi. "Samaki ya moshi ile, unasikia? Iko muzuri ama imelala?"

"Muzuri," alijibu Nyota. Hakuwa amesikia hata moshi wenyewe.

Karibu na Isangi injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Walivutwa hadi ufukweni na wavuvi. Fundi alipatikana, kipuri hakikupatikana, kisha kipuri kikapatikana na fundi akaenda kula. Nyota alimsimamia kichwani mpaka yule fundi akamwomba, kwa heshima zote, aende akalale. Wakiwa bado wanahangaika, baleinière ilipita katikati ya mto, polepole, imejaa njano tupu. Kumbe walikuwa wameipita bila kuiona, imefungwa nyuma ya kisiwa ikipakia mihogo. Nyota alipunga kitenge, akapiga kelele. Watu wa juu ya mashua walidhani anawasalimia, wakapunga mikono.

Walifika Basoko asubuhi ya pili. Nyota hakungojea kanoti ifungwe. Aliruka kwenye maji ya magotini akapanda ukingo. Njia ya kwenda nyumba ya uzazi ilitandikwa matofali ya plastiki, yale ya Mapatano, na hata katika hofu yake aliyatambua: bidoni zake za kisu hizi, zilizokataliwa, sasa zinakanyagwa na wajawazito bila kuteleza.

Bidoni zilikuwa zimepangwa ukutani, vitambaa vya bluu vinacheza na upepo. Zilikuwa zimejaa. Walikuwa wamezijaza alfajiri kwenye bomba jipya.

"Eh! Pua imekuja yenyewe!" Mama Fortunée, mkunga mkuu, alitoka na mikono wazi. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuamrisha hata uchungu wa wengine. "Khadija, ona nani!"

Khadija alikuwa anatembea uani, mkono kiunoni, jasho likimtoka. Alimwona mama yake akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Mama, ulijua namna gani? Imeanza usiku tu!"

Uongo wake ulikuwa umegeuka kweli, na jambo hilo lilimtisha kuliko chochote. Alimshika binti yake, akamketisha kwenye benchi, huku macho yake yakikimbia kwenye ule mstari wa bidoni. Ni ipi? Zote zilikuwa ndugu. Alifikiri: nitazimwaga kwa siri. Lakini wanawake waliozibeba kichwani walikuwa pale pale, wakimtazama kwa furaha, na hayo ndiyo maji yote ya siku.

"Nina kiu," alisema Khadija.

Msichana wa usafi alileta kikombe. Khadija alinyoosha mkono, lakini Mama Fortunée alikichukua yeye. "Apana, ngoja. Leo tuko na bahati. Mama yako anuse kwanza, batu wote waone. Alors, Mama Nyota, sema: Maji ama Kisu?"

Wagonjwa walikusanyika. Mama mmoja aliinua mtoto wake ili aone vizuri. Nyota alikipokea kikombe. Alikiinua hadi puani kama alivyokwisha kufanya maisha yake yote, akavuta pumzi ndefu, akavuta tena. Hakukuwa na kitu. Kikombe cha maji safi kabisa kingekuwa hivyo. Kikombe cha sumu kingekuwa hivyo pia. Na neno lile fupi lilikuwa tayari ulimini, limezoea njia yake.

Alimtazama Khadija. Midomo ya mwanawe ilikuwa imekauka.

"Sijui," alisema.

Watu walicheka, wakidhani ni utani.

"Sijui, Mama Fortunée. Pua yangu imekufa. Tangu mafua ya mvua ile ingine, siko nasikia arufu ya kitu. Niliwadanganya Kisangani, niliwadanganya na ninyi." Alifungua pindo la kitenge, akaonyesha kifuniko chekundu. Kifuniko kilimponyoka, kikabiringika juu ya matofali. "Moja ya hizi bidon ni ya hiyo. Sijui ni gani."

Basoko yote inajua kifuniko kile. Hakuna aliyecheka tena. Mama Fortunée alikimwaga kikombe chini bila kukinusa, kisha akaanza kuita watu kwa majina. Mfagiaji, wapishi, bibi waliokuja kuwasindikiza binti zao, wote waliitwa. Kila bidoni ilifunguliwa, na kila moja ilinuswa na mtu na mwingine na mwingine tena. Nyota alikaa pembeni, mikono kwenye mapaja, na huo ulikuwa muda mrefu kuliko usiku wa Isangi. Aliogopa wasiipate. Aliogopa waipate ikiwa nusu tupu.

Ilikuwa chini ya dirisha la jiko. Bibi mmoja alirudisha kichwa nyuma akakunja uso. Mama Fortunée akanusa, akaitikia kwa kichwa: ndiyo hiyo. Ilikuwa imejaa bado, imesogezwa hapo kwa ajili ya uji wa wazazi wa mchana ule. Moto ulikuwa umekwisha kuwashwa.

Nyota alisema alhamdulillahi kwa sauti isiyosikika. Akamgeukia Khadija. Khadija alikuwa anamtazama, na uchungu ulipomshika aligeuza uso ukutani, hakumpa mama yake mkono. Mama Fortunée akamwingiza ndani, mlango ukafungwa.

Papa Hubert alifika kabla ya adhuhuri, shati halijachomekwa, ameambiwa yote njiani. Hakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Tulisaini juu ya pua," alisema. "Pua haiko. Donc, tulisaini juu ya nini?"

Aliyejibu ni Mama Fortunée, akichungulia mlangoni, mikono imelowa. "Na bidon ile, Papa Hubert, ilitoka wapi? Kisangani haina shamba ya kakao. Ni batu yetu waliichanganya na za mawese. Sisi tuliituma, wao wakairudisha. Na leo ni bibi wa hapa njo aliisikia arufu. Kama tungekuwa tunanusa sisi wenyewe zikifika, huyu mama angekuwa na haja ya kudanganya?" Akafunga mlango, kwa kuwa alikuwa na kazi ya maana zaidi.

Papa Hubert alikaa kwenye benchi, mbali kidogo na Nyota. Alikiokota kile kifuniko chekundu, akakigeuza mkononi. Mwishowe alisema kwamba Mapatano hayatavunjwa, kwa sababu maji hayana mahali pengine pa kupita. Lakini kuanzia sasa hakuna bidoni itakayopita kwa pua ya mtu mmoja: itanuswa Kisangani, na itanuswa tena inakofika, na za kakao zitakatwa huku huku Basoko kabla ya kupanda mashua. "Na weye, Mama Nyota," aliongeza bila kumtazama, "weye basi. Usinuse tena."

"Ndiyo, papa," alisema Nyota. Kiti chake kingekwenda kwa Émilie, alijua. Alitazamia kuumia, na aliumia kweli, lakini macho yake yalikuwa kwenye ule mlango.

Mtoto alizaliwa jua likianza kulala mtoni. Alikuwa wa kike, mwenye sauti. Nyota alisimama kizingitini, hakujua kama anaruhusiwa. Khadija alikuwa amelala kwa mgongo, amechoka, uso hausomeki. Mama Fortunée, ambaye alikuwa amesikia desturi ya familia ile katika wiki nzima ya kukaa na Khadija, alimchukua mtoto akamweka moja kwa moja mikononi mwa bibi yake.

"Njo kazi yako hii," alisema. "Sema, ni arufu ya nani imerudi?"

Nyota aliinamisha uso. Nywele zilikuwa laini na mbichi. Aliweka pua utosini, akavuta pumzi kwa nguvu zake zote, na moyo wake ukamwomba Mungu ampe mara hii tu, moja tu, halafu achukue iliyobaki. Alilisikia joto. Aliusikia mpwito mdogo chini ya ngozi. Harufu haikuja. Angeweza kusema mawese mapya, ya leo asubuhi. Kila mtu angefurahi, wala hakuna mtu duniani ambaye angemkatalia.

Machozi yalimdondoka juu ya kichwa cha mtoto.

"Siko nasikia, Khadija," alisema. "Nisamehe. Nusa weye, uniambie."

Alimrudisha mtoto kwa mama yake. Khadija alimpokea, akamtazama Nyota, kisha akaweka pua mahali pale pale palipokuwa pua ya mama yake. Nyota aliona mabega ya binti yake yakilegea.

"Majivu," alisema Khadija. "Majivu na majani ya papai. Iko weye, mama."

Akanyoosha mkono uliokuwa huru, akakivuta kiganja cha Nyota hadi usoni kwake, akafumba macho.